Shimo la Uani kwa Kaviha

"Choo gani hicho cha urefu wa mtu?"

Margret alikuwa amesimama juu ya kifusi, mikono kiunoni. Beseni lake la nguo lilikuwa limepinduka na povu la sabuni lilikuwa likitiririkia shimoni. Ndani ya shimo alikuwepo Kai, mdogo wake Kaviha, kifua wazi, jembe mkononi.

"Si choo," Kai alijibu bila kuinua uso. "Ni shimo la maji machafu."

"Maji machafu yanapimwa na kamba? Nimekuona ukipima mara mbili. Mimi si mtoto, baba. Toka hapo."

"Mama Lynnette, fua nguo zako," akasema Kaviha. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, miguu ameinyoosha, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. "Hapa ni kwangu. Nikichimba, nachimba kwangu."

"Ni kwako, sijakataa. Lakini hili dirisha ni la chumba changu, na kodi nakulipa. Watoto wangu watalala aje na maiti hapa nje? Niambie. Watalala aje?"

Neno hilo lilipotoka, kazi zote za uani zilisimama. Aliyekuwa bombani alifunga maji. Kaviha hakumtazama Margret. Alinitazama mimi.

Na mimi, Ruth, ambaye Mishomoroni nzima wananijua kwa jina la Mama Clifford na kwa mdomo wangu, niliinama kwenye karai nikajifanya nageuza mahamri. Yalikuwa yameshaiva. Niliyageuza mpaka yakaungua.

Yule aliyesema ni mimi. Kaviha alikuwa ameniambia peke yangu, chumbani kwake, mlango umefungwa. Tutachimba saa nne, alisema, watu wakiwa kazini, na tukiulizwa tutasema ni shimo la maji. Jioni yake nilikuwa nateka maji na Margret, naye akaniuliza lile sanduku waliloliingiza Jumatatu ni la nini. Ningeweza kusema ni la vyombo. Lakini lilikuwa limenikaa kooni siku tatu, na nilidhani nikimweleza atalia pamoja nami. Margret hakulia. Aliokota ndoo yake akaenda zake, maji yakimwagika njia nzima.

Sasa ili mnielewe lazima niwaambie habari za nyumba ile. Vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani choo kimoja na bomba moja. Mimi na Kaviha tuliingia mwaka mmoja, miaka ishirini na moja iliyopita, mimi chumba cha mbele ili niuzie mahamri barazani, yeye chumba cha tatu. Alikuwa akifua nguo za watu Nyali, na mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi minane, Mweri. Baba yake tusimtaje. Hata yeye mwenyewe hakujitaja.

Mweri alikuwa mtoto wa ukumbi. Alikula mlango wowote uliokuwa wazi. Ukimtafuta kwao humpati, unamkuta kwangu na shavu limejaa mbaazi, au kwa Kamau, mumewe Margret, anamhesabia matairi ya lori lake. Mama yake alikuwa akimpima urefu kwenye mlango wa chumba, anachora alama kwa kalamu ya risasi kila Krismasi. Alama ya mwisho ni ya miaka kumi na miwili. Baada ya hapo alikataa kupimwa, akasema ameshakuwa mkubwa.

Alikuwa na ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa, unaokuja na kurudi, na alipofika miaka kumi na mitatu ulikuja haukurudi. Hospitali tulikuwa tunapokezana kulala, mimi na mama yake. Siku moja mchana alinishika kidole, akamwambia mama yake, nami nikisikia: "Mama, huku wodini kimya sana. Nikitoka nirudishe penye kelele." Hakutoka. Tulimpeleka kwao kina Kaviha, Kaloleni, kwenye shamba la wazee, kwa sababu ndiko watu wao wote walikolala, na hawe yake, yule nyanya, alikuwa bado hai na akasema mtoto hatakuwa peke yake maadamu yeye yupo. Miaka miwili baadaye hawe naye akalala, ubavuni kwake. Pale nyumbani pakabaki minazi tu. Kila mwezi Kaviha alikuwa akipanda kwenda kufagia, anarudi na vumbi jekundu kwenye kandambili, hazungumzi mpaka kesho yake.

Halafu mwaka jana ikaja kampuni ya mawe. Ikalitaka shamba lote, na warithi walikuwa wawili tu, Kaviha na mdogo wake Kai. Siku fidia ilipoingia, Kaviha alikuja barazani kwangu akakaa kwenye gunia la unga. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyezabwa kofi.

"Mama Clifford," akasema, "nimekuwa tajiri." Kisha akalia, na mimi nikafunga biashara siku ile.

Kila mtu alikuwa na la kumshauri. Kai alinunua lori kuukuu lililokufa Mariakani safari ya pili, kwa hiyo ushauri wake tuliuweka kando. Kamau alisema Kiembeni, mama, nunua kiwanja chenye hati, ujenge, weka geti. Tukaenda kukiona, mimi na Kaviha. Kiwanja kizuri, kimezungushwa ukuta, barabara safi. Tulisimama pale nusu saa hakupita mtu. Mbwa tu, nyuma ya geti la jirani, anabweka mpaka anakauka.

"Hapa nikiishiwa na chumvi," Kaviha akauliza, "nitabisha kwa nani?"

Nami nilikuwa nikingoja aseme hivyo hivyo. Mwenye nyumba yetu alikuwa akitafuta mnunuzi, na sote tulijua mnunuzi mwingine atatutoa. "Nunua kwetu," nikamwambia tukiwa bado tumesimama kwenye jua lile. "Ununue ukumbi, ununue uani, utuonee sisi kila siku mpaka utuchoke."

"Na ardhi?"

"Ardhi unamlipia mwenye ardhi, kama aliyekutangulia. Nani pale kwetu amenunua udongo? Watu wana nyumba, wamezaa na kuozesha humo, na ardhi ni ya mtu mwingine."

Kisha akauliza kitu kimoja. "Na Mweri?"

Kampuni ilikuwa imeahidi kuyazungushia yale makaburi seng'enge na kuyaacha. Hilo ningelimwambia, lingetosha. Lakini mimi nikasema: "Mweri ameshalala, dada. Sisi tulio hai ndio tunatafuta pa kulala."

Nililisema kwa kumpenda, na kwa kujipenda. Sikutaka aondoke. Basi akanunua. Hakuhama hata chumba. Alibaki kile kile cha tatu, mwenye nyumba anayepanga foleni ya choo na sabuni mkononi. Tulimtania mpaka tukachoka. Ile ilikuwa miezi saba ya raha, na nashukuru tuliipata.

Barua ilikuja mwezi wa nane. Mawe yamefika kwenye seng'enge. Wenye makaburi wayahamishe ndani ya siku thelathini, la sivyo kampuni itayapeleka yenyewe makaburi ya umma na kila moja litapewa namba.

Wazee wa ukoo walipanda na Kai. Hawe na mumewe walichukuliwa na ndugu wa upande wa Rabai, wakapata pa kuwekwa. Kuhusu Mweri, ndugu walisema ni mtoto wa mwanamke, na mwanamke amenunua nyumba Mombasa; amzike kwake. Hawakusema kwa ubaya. Kwa akili zao, mtu aliyenunua nyumba amepata kwao.

Ndivyo alivyorudi. Sanduku la mbao, dogo kuliko nilivyodhani, limefungwa kanga ya bluu. Kaviha aliliweka chini ya kitanda chake, na siku zile tatu nilimwona akitembea kama msichana. "Nitamweka uani," aliniambia akinong'ona, "karibu na dirisha la Mama Lynnette, pale penye kelele zaidi. Atatusikia tukigombania bomba."

Sasa tuko pale pale uani. Margret hakuishia kupiga kelele. Alikuwa ameshapiga simu, na haikupita robo saa akaingia Phineas kwa mlango wa ukumbi, faili kwapani. Phineas ndiye anayemkusanyia kodi mwenye ardhi, nyumba kwa nyumba. Mtu mpole, mwembamba, hajawahi kumwinulia mtu sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akalitazama shimo. Akamtazama Kai. Akavua kofia. "Mama, pole. Nimeambiwa. Lakini hapa haiwezekani."

"Ni mtoto," Kaviha akasema. "Hachukui nafasi."

"Si nafasi, mama. Kaburi ni ushahidi. Mwenye ardhi akiona kaburi hapa, hawezi kuuza, hawezi kugawa, kesho wajukuu wako watakwenda mahakamani waseme hapa ndipo kwao, wazee wao wamelala hapa. Nao watasikilizwa."

"Na si ndipo?"

Phineas akahamishia faili kwapa la pili.

"Nakuuliza wewe, baba. Nimekaa hapa miaka ishirini na moja. Mtoto wangu alitambaa kwenye ukumbi huu. Shamba la babangu lote liko ndani ya kuta hizi. Si ndipo kwetu?"

"Kuta ni zako, mama. Mabati ni yako. Hata milango, ukitaka kuing'oa, ng'oa, hakuna atakayekuuliza. Udongo si wako."

Kaviha aliinama, akachota udongo wa kifusi kwa mkono, akautazama kama mtu anayetazama mchele akitafuta mawe. Mchanga mweusi wenye povu la sabuni ya Margret. Akaurudisha shimoni taratibu, kidogo kidogo, asimwagie Kai.

"Kwetu mtu huzikwa kwao," Margret akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hata sisi, mtu akifa hapa tunampeleka. Hata ikiwa mbali aje."

"Kwetu pamekuwa shimo la mawe, Mama Lynnette. Nimpeleke huko?"

"Yapo makaburi ya wote," Phineas alijaribu. "Kanisa linaweza kukusaidia..."

"Kwa namba?"

Phineas akasema atangoja hadi Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya kumwambia mwenye ardhi chochote, akavaa kofia, akatoka. Kai alipanda juu, akaanza kufukia. Margret akaokota nguo zake moja moja, zimejaa mchanga, akazirudisha kwenye beseni bila kuzisuuza.

Nilimfuata Kaviha chumbani. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, mkono mmoja umeingia chini, juu ya sanduku.

"Ni mimi niliyesema," nikamwambia.

"Najua. Nani mwingine?"

"Kaviha, mwenzangu, haki ya Mungu..."

"Nyamaza. Njoo ukae."

Nikakaa. Tulikaa hivyo muda, wawili, na kule barazani nasikia wateja wangu wanaita, Mama Clifford, mahamri! Mama Clifford wewe! Wakachoka, wakaenda.

"Na yale ya Kiembeni," nikasema. "Niliyokuambia kule."

"Uliniambia yeye ameshalala, tutafute pa kulala sisi." Hakuwa amesahau hata neno. "Mimi nilitaka kuambiwa hivyo. Ningetaka kuambiwa jingine, ningemuuliza mtu mwingine. Usibebe peke yako, Mama Clifford, mzigo ni wa watu wawili."

Afadhali angenitukana.

"Utafanya nini?"

"Nitauza."

"Uuze upate nini? Bei ya haraka ni bei ya kutupa. Kiembeni sasa hukigusi."

"Si Kiembeni. Popote penye udongo unaouzwa pamoja na nyumba." Akautoa mkono chini ya kitanda, akaupangusa kwenye kanga. "Nilishamzika mbali mara moja nikarudi kulala hapa kwenu, nikasema nitakwenda kila mwezi. Miaka tisa nimemwacha kwenye kimya. Mtoto aliyeniomba kelele. Sirudii. Atakapokuwa, nitakuwa."

"Wewe? Peke yako porini? Wewe ukikosa mtu wa kugombana naye unagombana na redio."

Akacheka. Akacheka kweli, na mwisho wa kicheko hicho ndio uliotuvunja sote wawili.

Alipata Mwakirunge. Huko juu, ng'ambo ya Utange, ambako bei bado inashikika, kwa sababu upepo ukigeuka unaleta moshi wa jaa la taka la mji mzima. Kipande chembamba, mihogo ya mtu huku, kichaka huku. Muuzaji alikubali kishika mkono, pesa nyingine apewe nyumba ya Mishomoroni ikishauzwa. Nyumba ilichukuliwa wiki ile ile na bwana mmoja mtengeneza mageti ambaye hakutaka kututoa, na sharti la Kaviha lilikuwa moja: mlango wa chumba cha tatu anaondoka nao. Yule bwana alidhani ni mzaha. Kai alikuja na bisibisi na nyundo, akaung'oa pamoja na fremu yake, wenye zile alama za kalamu, na sisi tukasimama ukumbini tukitazama chumba kikibaki mdomo wazi.

Tulimzika Mweri Jumamosi, kesho ya ile Ijumaa ya Phineas. Kamau alitubeba kwenye lori la kazini, ruhusa sijui aliipata wapi, sanduku miguuni kwa mama yake. Nyumba yote ilikuja, na mtaa nusu. Katekista alisoma kidogo, maana upepo ulikuwa unamjaza moshi mdomoni, na tukaimba kwa nguvu kuliko tulivyojua. Nilikuwa nimewaambia njiani: asinyamaze mtu. Tulikuwa na kelele, mpaka wenye mihogo wakaja kutazama kuna nini. Tuligombana kuhusu koleo, tuligombana nani asimame upande gani, na Kaviha alikuwa amepiga magoti kando ya shimo, ameinamisha kichwa, anatusikiliza.

Kisha, kama ilivyo, tukachoka. Sauti zikapungua moja moja. Na niliposikia kule Mwakirunge kulivyo kukinyamaza, unasikia hata majani ya mihogo yakigusana, nikajua ndicho atakachokuwa akikisikia mwenzangu kesho, na kesho kutwa, na sisi tuko kwenye bomba letu tukitukanana.

Nyumba yake ilikuwa bado nguzo tu, tisa za ukumbini na nyingine za pembeni, juu turubai. Kuta hakuna, udongo wa kukandika ulikuwa umelundikwa pale nje, mwekundu. Lakini Kai alikuwa ameshausimamisha ule mlango wa chumba cha tatu mbele, na fremu yake, peke yake. Ungeweza kupita kulia kwake au kushoto kwake. Hakuna aliyepita. Sote tuliingia kwa mlango, mmoja mmoja, tukaacha viatu nje.

Niliwapakulia. Sima, mboga ya mchunga, samaki wa kukaanga, na wali wa nazi wa kuwatuliza watoto. Kaviha alikuwa amepika sufuria ya watu wa vyumba sita. Sikumuuliza kesho atapika ya ngapi.

Tulipokuwa tumekaa, ndipo nilipomwona Margret. Alikuwa hajaingia. Alikuwa amesimama nje ya zile nguzo, hatua mbili tu kutoka kwetu, hakuna ukuta wa kumficha, gunia la viazi miguuni alilolibeba kutoka kwenye lori mwenyewe. Kamau alimkonyeza, hakuja. Lynnette alimwita, hakuja.

"Mimi niliogopa tu," akasema, hakuna aliyemuuliza. "Ni watoto tu nilikuwa naogopea."

Watu walitazama sahani zao. Na mimi, mdomo wote huu, niliujaza mchunga.

Kaviha aliweka chini tonge lake. Akainuka kwa kushika goti, akazunguka mkeka, akaenda mpaka mlangoni, ule mlango wa alama. Angeweza kumwita pale alipo, walikuwa wakitazamana. Alishika kitasa, akaufungua wote, akasogea pembeni kama mtu anayempisha mgeni kwenye ukumbi uliojaa.

"Mama Lynnette," akasema, "karibu ndani, mamangu. Vua viatu, uje ule."